Mapengo ya Orodha: Uhakiki wa Maelezo ya Kangaga na Likopodi katika Flora of Tropical East Africa kwa Mtazamo wa Mbozi Mission

Ikisiri

Makala hii inahakiki sehemu zinazohusu kangaga na likopodi katika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyochapishwa kwa awamu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012. Swali kuu ni hili: msomaji aliyesimama kando ya kijito karibu na Mbozi Mission, mkoani Songwe, anapata nini kutoka katika kazi hiyo, na anakosa nini? Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala inabainisha kwamba kazi hii ilimtarajia msomaji wa namna moja, na kwamba mapengo yake yanasomwa vibaya pale yanapochukuliwa kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwa mimea. Makala inahitimisha kwamba mapengo hayo hayawezi kujazwa kwa fikra za msomaji kama yale ya riwaya. Hujazwa kwa kwenda uwandani, katika majira yanayofaa, na kwa lugha ambayo wenyeji wa mahali wanaweza kuihoji.

1.0 Utangulizi

Orodha ya mimea ya nchi ni matini. Ina waandishi, ina wasomaji iliyowalenga, ina kanuni za uandishi, na ina mambo inayoyasema na mengine inayoyanyamazia. Kwa kuwa imeandikwa kwa lugha kavu ya vipimo na majina ya Kilatini, ni rahisi kuichukulia kama kioo cha maumbile yenyewe, kitu kisichohitaji mhakiki. Mtazamo huo ndio unaopingwa hapa.

Kangaga na likopodi zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mimea isiyotoa maua wala mbegu. Huenea kwa spora, chembe ndogo kama vumbi zinazopeperushwa na upepo. Kutokana na hali hiyo, wachunguzi wengi wa misitu huziacha nyuma na kuhesabu miti tu. Pili, uzazi wake unategemea maji. Spora ikianguka mahali panapofaa huota kijimea kidogo mno, na mbegu ya kiume lazima iogelee katika utando wa maji ili kulifikia yai. Kwa hiyo wingi na aina za kangaga katika korongo fulani hueleza habari za unyevu wa korongo hilo. Kwa watu wa uwanda wa Mbozi, wanaolima kahawa na kutegemea mvua za msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, habari za unyevu wa makorongo si jambo la anasa.

Ni vyema pia kutenganisha makundi haya mawili tangu mwanzo, kwani mara nyingi huwekwa pamoja kwa mazoea. Uainishaji wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, unaojulikana kwa kifupi kama PPG I, ulihesabu spishi 11,916 duniani: likopodi 1,338 na kangaga 10,578. Licha ya kufanana katika kuzaa kwa spora, likopodi ni ukoo wa kale uliojitenga mapema, na kangaga zina udugu wa karibu zaidi na mimea yenye mbegu kuliko na likopodi. Kiswahili kina neno kangaga kwa kundi la kwanza. Kwa la pili makala hii inatumia neno la kutohoa, likopodi.

2.0 Kazi Inayohakikiwa

Flora of Tropical East Africa ilisimamiwa na Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Kew, Uingereza, na inahusu Kenya, Uganda na Tanzania. Ilichukua miaka sitini kukamilika. Kabla ya sehemu za kangaga kuandikwa kwa ukamilifu, Robert Johns alitoa orodha ya awali mwaka 1991. Baadaye familia za kangaga zilitoka moja baada ya nyingine, nyingi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew. Wengine, akiwamo Henk Beentje, Peter Edwards na Koos Roux, waliandika familia kadhaa.

Umbo la kila ingizo ni lile lile. Huanza na jina la Kilatini na historia ya jina hilo. Hufuata maelezo ya shina, jani na mpangilio wa spora. Kisha hutajwa sampuli chache zilizoteuliwa kwa kila nchi, zikiwa na wilaya, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Mwisho huja mstari wa mtawanyiko, ulioandikwa kwa herufi na tarakimu, na mstari wa makazi unaotaja aina ya uoto na mwinuko. Kila jenasi yenye spishi zaidi ya moja hutanguliwa na ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya kuchagua moja kati ya mawili.

Ubora wa umbo hili usipuuzwe. Msomaji anayejua ingizo moja anajua kusoma maingizo yote. Kila dai linaweza kufuatiliwa hadi kwenye sampuli iliyokaushwa ambayo ipo mahali fulani na inaweza kutazamwa upya. Ni nadra matini ya aina yoyote kumpa msomaji njia ya wazi kiasi hicho ya kumsahihisha mwandishi.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyoendelezwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser. Mihimili miwili ya Iser inatumika. Mhimili wa kwanza ni msomaji tarajiwa: kila matini hujenga ndani yake nafasi ya msomaji mwenye ujuzi na mahitaji fulani. Mhimili wa pili ni mapengo: matini haisemi kila kitu, na maana hutokea pale msomaji anapojaza yasiyosemwa.

Nadharia hii ilibuniwa kwa ajili ya fasihi, na kuihamishia kwenye orodha ya mimea kunahitaji tahadhari. Katika riwaya, msomaji akijaza pengo kwa namna yake, hakuna mtu anayeweza kwenda kuhakikisha. Katika orodha ya mimea, msomaji akijaza pengo kwa dhana isiyo sahihi, msitu unaweza kufyekwa kwa kuitegemea dhana hiyo. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala, nayo itarejelewa katika sehemu zinazofuata.

4.0 Uchambuzi

4.1 Msomaji tarajiwa

Msomaji tarajiwa wa kazi hii ameketi. Ana meza, lenzi ya kukuza, na sampuli iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Ufunguo wa utambuzi unamuuliza kama magamba ya shina yana rangi moja au mbili, kama utando unaofunika spora umeshikana upande mmoja au katikati, kama mishipa ya jani inaungana au iko huru. Maswali haya yanajibika mezani. Kandokando ya kijito, mvua ikinyesha, na jani lenyewe likiwa halijakomaa kiasi cha kutoa spora, mengi hayajibiki.

Hili si kosa, ni uchaguzi. Lakini uchaguzi huo unamwacha nje afisa misitu wa wilaya, mwalimu wa baiolojia wa Vwawa, na mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Nafasi yao katika matini haikujengwa.

4.2 Alama T7

Mtawanyiko katika kazi hii hutolewa kwa alama. Uganda imegawanywa U1 hadi U4, Kenya K1 hadi K7, Tanzania bara T1 hadi T8, na Zanzibar na Pemba zina herufi zake. Mgawanyo wa Tanzania unafuata kwa kiasi kikubwa majimbo ya utawala wa kikoloni. Mbozi imo katika T7, yaani Nyanda za Juu Kusini.

Tuangalie T7 inabeba nini. Ina misitu ya ukungu ya Udzungwa upande wa Iringa. Ina Mufindi na Njombe. Ina Mlima Rungwe, ambao miteremko yake ya kusini hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ina nyasi za Kitulo. Na ina uwanda wa Mbozi, wenye miombo, makorongo membamba na kiangazi kirefu, ukishuka kuelekea Tunduma na mpaka wa Zambia. Ingizo likisema T7, msomaji hawezi kujua kama kangaga hiyo ilipatikana kwenye ukungu wa Udzungwa au kwenye mwamba mkavu wa Mbozi. Sampuli zinazotajwa hazitoshi kumwokoa: ni chache kwa nchi nzima, na hakuna sharti kwamba mojawapo itoke T7.

Mstari wa makazi una tatizo la jinsi hiyo hiyo. Mwinuko unaotolewa ni wa eneo lote la flora, kutoka kituo cha chini kabisa hadi cha juu kabisa ambako mmea umepatikana. Kangaga inayoshuka hadi mita 900 katika milima ya Usambara, yenye unyevu wa bahari, huenda isishuke chini ya mita 1,500 katika bara kavu la magharibi. Mstari mmoja hauwezi kubeba habari zote mbili. Anayesoma mstari huo akiwa Mbozi anaazima mvua za Tanga bila kujua.

Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016, miaka minne baada ya flora kukamilika. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, linaonyesha jinsi ramani ya matini na ramani ya wanaotakiwa kufanya uamuzi zilivyoachana.

4.3 Njia za wakusanyaji

Ukimya wa orodha una historia. Sampuli hazikukusanywa kwa kugawa nchi katika miraba sawa. Zilikusanywa na watu waliokuwa na makazi, wapagazi na njia. Mfano wa karibu ni Adolf Stolz, aliyeishi Kyimbila, Rungwe, kituo cha Wamoravian, na kukusanya mimea huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sampuli zake zilipelekwa Berlin na nakala kusambazwa katika hebaria nyingine, yaani nyumba za kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Jenasi ya okidi iitwayo Stolzia imepewa jina lake. Nakala hizo zilikuwa na thamani kubwa baada ya hebaria ya Berlin kuungua kwa mabomu mwaka 1943.

Mbozi nayo ilikuwa kituo cha Wamoravian hao hao tangu mwaka 1899. Traugott Bachmann, aliyekaa huko hadi mwaka 1916, anakumbukwa zaidi kwa kazi yake juu ya Wanyiha, lugha yao na desturi zao. Vituo viwili vya kanisa moja, katika nchi jirani na miaka ile ile, vilizalisha kumbukumbu za aina mbili tofauti kwa sababu ya shauku za watu wawili tofauti. Mtu akilinganisha Rungwe na Mbozi katika orodha yoyote inayotokana na sampuli za zamani, sehemu ya tofauti atakayoiona ni ya mvua na udongo, na sehemu nyingine ni ya Stolz. Orodha yenyewe haimpi njia ya kuzitenganisha.

Mfano mwingine wa Mbozi unasaidia. Kimondo cha Ndolezi, kipande cha chuma chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, kiliingia katika maandishi ya wataalamu wa nje mwaka 1930 kupitia mpimaji W. H. Nott. Wanyiha walikuwa wakikijua kwa jina kabla ya hapo. Tarehe ya 1930 ni tarehe ya maandishi, si ya kitu. Vivyo hivyo, mwaka wa kwanza wa sampuli ya kangaga ni mwaka mtu alipoichuma na kuibandika. Tofauti ni kwamba kimondo kilivumilia kusubiri kuandikwa. Kangaga ya korongo lililofyekwa haisubiri.

4.4 Majira

Pengo zito kuliko yote, kwa maoni ya makala hii, ni la majira. Kwa hili inafaa kuilinganisha flora na kazi mbili za jirani. E. A. C. L. E. Schelpe aliandika sehemu ya kangaga katika Flora Zambesiaca mwaka 1970, kwa umbo linalokaribiana na hili. Jan Kornaś, mtaalamu wa Kraków aliyefanya utafiti Zambia, alifuata njia nyingine. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu mtawanyiko na ikolojia ya kangaga za Zambia, pamoja na makala zake za awali, kinauliza kila spishi inafanya nini wakati wa kiangazi na wakati wa moto.

Majibu yake yanahusu moja kwa moja ukanda wa miombo unaovuka mpaka wa Tunduma bila kujua kuna mpaka. Baadhi ya kangaga, kama Pellaea calomelanos na zile za jenasi Actiniopteris, hukunja majani yakakauka kabisa kama yaliyokufa, kisha hufunguka na kurudi kijani mvua inaponyesha. Nyingine, kama Arthropteris orientalis, hupukutisha majani yote na kubaki shina peke yake. Zile za jenasi Ophioglossum huchomoza na mvua za kwanza, zikiwa fupi kiasi cha kufichwa na majani ya nyasi, na hutoweka mapema. Likopodi ndogo ya mwambani, Selaginella dregei, hujikunyata ikawa kama zulia la kahawia. Nyingine huokolewa na moto wa nyika kwa kuwa shina lake limejificha ardhini.

Maana yake kwa utafiti ni nzito. Mchunguzi anayefika Mbozi mwezi wa Agosti, barabara zikiwa kavu na safari ikiwa rahisi, ataona kangaga za kando ya vijito na kukosa nyingi za miombo. Akiandika kwa uaminifu alichokiona, ataandika orodha fupi isiyo ya kweli. Maelezo ya flora hutaja tarehe za sampuli, lakini hayamwambii msomaji ni miezi ipi mmea hauonekani. Kornaś anamwambia. Kwa msomaji wa Mbozi, basi, kitabu cha nchi ya jirani kinakuwa na manufaa kuliko cha nchi yake katika swali hili moja, na sababu ni kwamba mwandishi wake alimtarajia msomaji anayetembea.

4.5 Lugha na majina

Kwa kawaida kazi hii haijumuishi majina ya wenyeji. Ni uchaguzi unaoeleweka kwa matini ya nchi tatu zenye lugha nyingi, lakini unafunga mlango wa maarifa. Aidha, majina ya Kilatini yenyewe hayajatulia. Migomba-mwitu tuiache, hata kangaga-mti, ambayo ni kubwa na haifichiki, imebadili anwani: spishi za Afrika zilizoandikwa chini ya jenasi Cyathea zinawekwa na PPG I chini ya Alsophila. Lycopodiella cernua imekuwa Palhinhaea cernua. Anayedhani jina la Kilatini ni nguzo isiyotikisika anakosea kama anayedhani jina la kienyeji ni porojo.

Istilahi za Kiswahili zinaweza kujengwa bila kusubiri. Shina la ardhini, utando wa spora, kishada cha spora, jani-zaa na jani-tasa, jani changa lililojikunja: haya yanaeleweka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Majina ya Kinyiha nayo yakusanywe pamoja na sampuli, kwa kuandikwa jina, mahali na matumizi, ili jina liweze kuhakikiwa kama mmea unavyohakikiwa.

5.0 Hoja Pinzani

Inaweza kusemwa kwamba makala hii inaidai flora kitu ambacho haikuahidi. Kitabu cha nchi tatu hakiwezi kutaja kila korongo. Kazi hiyo ni ya hebaria za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na siku hizi ya hifadhidata za intaneti zinazoonyesha kila sampuli kwenye ramani. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Hifadhidata hutoa alama T7 na kuweka nukta badala yake, jambo ambalo ni maendeleo. Lakini nukta nazo huwekwa pale tu mtu alipopita. Mahali pasipo na nukta panabaki na utata ule ule: je, hapana mmea, au hapakufika mtu?

Jibu la utata huu limekwisha kuonyeshwa nchini. Andreas Hemp alichunguza kangaga za miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kwa kupima viwanja katika miinuko mbalimbali, na kueleza jinsi zaidi ya aina mia moja zilivyojipanga kutoka chini hadi juu. Katika uchunguzi wa viwanja, kutokuwapo kwa mmea ni matokeo yaliyoandikwa. Huko ukimya una maana. Kilimanjaro ilipata uchunguzi huo kwa kuwa ni Kilimanjaro. Uwanda wa Mbozi hauna theluji ya kuwavuta wageni, ila unastahili mbinu hiyo hiyo kwa kiwango chake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haushushi hadhi ya Flora of Tropical East Africa. Bila kazi hiyo, kangaga ya Mbozi isingeweza kuitwa kwa jina ambalo mtu wa Nairobi au Lusaka analitambua. Kinachopingwa ni namna ya kuisoma inayogeuza ukimya wake kuwa jibu.

Jambo hili lina uzito wa kisheria na wa kimaisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Siku kamati ya kijiji inapochagua korongo lipi litengwe na lipi lilimwe bustani, swali litaulizwa: kuna nini humo? Kama jibu litatoka kwenye alama T7, korongo lenye chemchemi na lile kavu yatakuwa sawa mbele ya karatasi.

Kwa hiyo makala inapendekeza uchunguzi wa kangaga na likopodi za uwanda wa Mbozi wenye masharti manne. Uanze na mvua za kwanza na urudiwe mwishoni mwa mvua na katika kiangazi. Ufanyike kwa viwanja, ili kutokuwapo kuandikwe. Kila spishi iachwe sampuli katika hebaria ya taifa, pamoja na jina la Kinyiha pale lilipo. Na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yakiwa na ufunguo unaoweza kutumika mtu akiwa amesimama majini, ili mjumbe wa kamati ya kijiji naye awe msomaji aliyetarajiwa.